Pangaboi Namba Tano

Shangazi yangu anakaa Kibokoni, ghorofa ya kwanza, chumba kinachotazama kichochoro ambacho upepo hukipita kando. Darini kuna pangaboi la zamani, na ukutani swichi yake ya kuzungusha, sifuri mpaka tano. Kwa miaka miwili na ushei swichi hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Nikiingia, kabla hata sijavua viatu, naweka tano. Nikienda jikoni nikarudi, naikuta moja. Yeye kaketi kitandani kajitanda kanga, na juu ya kanga kavaa sweta la sufi alilolitoa mitumbani Kongowea, na hiyo ni Machi, tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijabisha hodi, mji mzima unachuruzika hari. Mimi nimevua mtandio na bado maji yananishuka mgongoni kama niliyemwagiwa ndoo.

"Wewe una jini la moto," huniambia.

"Na wewe una jini la friji," humjibu.

Tukicheka. Mwanzoni hatukujua kwamba sote wawili tunaumwa kiungo kimoja, kile kitezi chenye umbo la kipepeo kilicholala mbele ya koo, na kwamba chanzo ni kimoja: kinga ya mwili iliyogeuka ikaanza kumpiga mwenye nyumba.

Mimi hupaka hina. Maharusi wa Mji wa Kale, wa Kisauni, wa Likoni, mara nyingine hufika hadi Malindi. Kazi yenyewe ni mkono tu: koni ya nailoni, tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, na mstari usiokatika kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye ukucha. Hina ukikosea unafuta kwa pamba kabla haijakolea. Piko, ile rangi nyeusi, ukikosea imekula kwako, maana ikishashika ngozi haina msamaha mpaka siku zipite. Februari 2022 mistari yangu ikaanza kuota meno. Nilidhani ni koni. Nikabadilisha nailoni, nikaichekecha hina mara tatu kwa kitambaa cha mtandio, nikazidisha sukari ili inate. Meno yakabaki pale pale.

Nilikuwa nakula kama kuli wa bandarini na buibui likizidi kunipwaya. Kutoka kilo 68 nilishuka hadi 57. Usingizi ulihama. Hasira zilikuja bila sababu, nikamfokea binti yangu kwa sababu ya kijiko. Na magoti, jamani. Mpakaji hina hukaa mkekani miguuni pa biarusi saa tatu, nne. Siku moja kule Tudor nilimaliza kazi nikashindwa kuinuka. Mapaja yalikataa kabisa. Mama wa biarusi alinishika kwapani akaninyanyua kama mtoto, na wanawake wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao huku moyo ukinipiga masikioni.

Lakini ni nani Mombasa atakayeshtuka kwa mtu kutoka jasho Machi? Ningekuwa Limuru au Kinangop, mtu angeniuliza mbona navua sweta wakati wenzangu wanaota moto. Hapa kila mtu analalamika joto, kwa hiyo joto langu lilipotea ndani ya joto la wote. Na shingo iliyovimba? Ilikuwa chini ya mtandio. Wazee wetu wana neno lake, rovu, lakini rovu ni lazima lionekane ndipo liitwe hivyo.

Nilikwenda kliniki moja, nikatolewa damu ya malaria, haikuonekana, nikaambiwa ni mawazo, nikapewa vidonge vya usingizi. Nyumbani mavyaa yangu, kwa mapenzi yake, akaniletea kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa marashi. Nilikunywa. Sijuti hata tone. Kilichonichelewesha si kombe, ni vile vidonge vya usingizi, kwa sababu kombe halikuniambia kwamba sina ugonjwa.

Aliyenigundua alikuwa biarusi mwenyewe. Shaabani ilikuwa inakatika, kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, nami nilikuwa na mikono minane kwa siku moja. Huyu alikuwa nesi. Nilimshika kiganja nianze ua la katikati, koni ikatetemeka, tone likaanguka pasipo pake. Nikafuta. Likaanguka tena. Basi yeye akageuza mkono wake polepole, akanishika mimi kifundo, vidole viwili juu ya mshipa, akatazama saa ya ukutani. Chumba kizima kilikuwa kinaimba vugo. Alinyamaza dakika nzima.

"Dada, mia na ishirini na nane," akasema. "Na umeketi."

Halafu akanitazama machoni, na nikaona anayatazama macho yenyewe, si mimi. "Haya macho yako yalikuwa hivi tangu zamani?"

Nilimalizia mikono yake vibaya. Bado nina picha yake kwenye simu. Ukiikuza unayaona meno.

Daktari wa homoni alinitaka ninyooshe mikono mbele, akalaza karatasi nyeupe juu ya vidole vyangu. Karatasi ikacheza kama jani la mnazi. Kisha akaweka kipimo cha kusikilizia moyo shingoni kwangu na kusema anasikia damu ikivuma. Majibu ya maabara yaliporudi, TSH ilikuwa chini ya 0.01, wakati kawaida ni baina ya 0.4 na 4 hivi. Nilifurahi, nikidhani kidogo ndiyo nzuri. Akanieleza kinyume chake, na nikaelewa kwa lugha ya pangaboi. TSH ni mkono wa ubongo unaozungusha swichi ya tezi. Chumba kikiwa na joto, mkono unaongeza, kikipoa, unapunguza. Kwangu mimi mkono ule ulikuwa umeondoka kabisa kwenye swichi, umekata tamaa, kwa sababu kuna mtu mwingine ameishikilia kwenye tano: kingamwili zangu mwenyewe, ambazo zimejifunza kuigiza mkono wa TSH. Tezi haina akili ya kuwatofautisha. Inapoambiwa tano, inazunguka tano, usiku na mchana, na moyo, matumbo, misuli na hasira vyote vinazunguka nayo.

Unaitwa ugonjwa wa Graves, kwa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeandika mwaka 1835 juu ya wanawake waliopigwa na moyo wakiwa na shingo zilizovimba. Wajerumani humtaja von Basedow, aliyeandika 1840. Karne nyingi kabla yao tabibu wa Uajemi, al-Jurjani, alikwisha kuona kwamba shingo kuvimba na macho kutoka hufuatana. Nilipomsomea mavyaa hilo la mwisho aliridhika sana, akaniuliza huyo al-Jurjani alisema dawa ni nini.

Daktari akauliza pia kama kuna mtu nyumbani mwenye matatizo ya tezi, kwa kuwa mambo haya hutembea ndani ya ukoo, na hutembea zaidi upande wa wanawake. Nikasema hakuna. Halafu nikakumbuka sweta.

Shangazi alipopimwa, TSH yake ilikuwa 46. Mkono wa ubongo unazungusha swichi kwa nguvu zote na pangaboi halisogei, kwa sababu kingamwili zake zimeila tezi pole pole kwa miaka. Huo ni ugonjwa wa Hashimoto, wa daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912 kutokana na tezi za wanawake wanne. Miaka yote hiyo sisi tulimwita mvivu. Sauti yake ilikwaruza tukasema ni uzee, ngozi ikakauka tukamnunulia mafuta ya nazi, akilala baada ya Adhuhuri mpaka Magharibi tukanong'onezana. Siku ya majibu kaka yangu, aliyekuwa bingwa wa kunong'ona, alimletea halua ya Lamu na hakusema kitu.

Mimi nilianzishiwa kabimazoli, miligramu 30 kwa siku, yaani vidonge sita vidogo vya tano tano, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo na mikono. Propranololi haitibu ugonjwa, na mwenye pumu hapewi ovyo, lakini kwa mpakaji hina ni neema: ndani ya siku mbili mistari iliacha kuota meno. Kabimazoli huchukua wiki, kwa kuwa inazuia tezi kutengeneza homoni mpya wakati akiba ya zamani bado inamwagika.

Jambo moja daktari alilirudia mara tatu na mimi nitalirudia hapa. Dawa hii, kwa watu wachache sana, huangusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Koo likiuma, homa ikipanda, au vidonda vikitokea mdomoni, unaacha dawa hapo hapo na kupimwa damu siku hiyo hiyo. Mwezi wa pili wa dawa koo liliniuma usiku. Nilikwenda hospitali iliyokuwa karibu, mhudumu wa zamu akaniangalia kooni akasema tonsili, akaanza kuniandikia dawa. Nikamwambia nataka kuhesabiwa chembe za damu. Akasema maabara imefungwa, nije asubuhi. Nikaketi. Mimi si mtu wa kugombana na watu wenye makoti meupe, nimelelewa kusema asante daktari na kuondoka, lakini nilikaa kwenye lile benchi hadi saa nane za usiku, mume wangu kanisimamia kwa mavazi yake ya bandarini, mpaka wakampata wa kunitoa damu. Chembe zilikuwa sawa. Ilikuwa tonsili kweli. Nikiambiwa nikae tena, nitakaa.

Miezi kumi na minane nilimeza. Dozi ilishuka hadi kidonge kimoja, nikanenepa, nikalala, nikaomba msamaha kwa wote niliowafokea. Oktoba 2023 tukaacha dawa kujaribu kama ugonjwa umelala. Daktari alinitahadharisha kwamba karibu nusu yetu hurudiwa. Februari 2024, nikiwa Nyali kwenye mkono wa dada wa bwana harusi, jani la mwisho likaota meno.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha kwalo. Daktari alifungua jalada akasema kuna njia tatu, na kwamba nichague mimi. Mimi! Maisha yangu yote daktari ndiye husema meza hiki. Nilimwuliza, "Ungekuwa wewe?" Akatabasamu akasema, "Mimi sina macho yako, sina nyumba yako, wala sitafuti mtoto." Nilimkasirikia wiki nzima. Sasa naona ndiyo sentensi ya maana kuliko zote alizoniambia, maana kila njia katika zile tatu ilikuja kukatwa ama kufunguliwa na mojawapo ya hayo matatu.

Nyumbani tulikaa mashauri Ijumaa baada ya pilau. Mavyaa alitaka kombe jingine na subira. Kaka alisema Uhindi, kama kila mtu asemavyo Uhindi. Wifi yangu alikuja na mfuko wa mwani uliokaushwa kutoka Kibuyuni, wanakoulima akina mama wa Kwale, akasema shingo yote huvimba kwa kukosa chumvi ya bahari. Alikuwa na nusu ya ukweli. Watu wa milimani kwenye udongo usio na iodini walivimba shingo kwa sababu hiyo, na ndiyo maana chumvi yetu ya jikoni hutiwa iodini kwa sheria. Lakini mimi ni mtoto wa pwani, nimekulia samaki, na tatizo langu ni tezi iliyopagawa. Ukiitupia mwani, wenye iodini nyingi, waweza kuwa unamwaga mafuta ya taa jikoni. Mwani tukautengenezea sabuni. Muhogo pia nilikatazwa na jirani. Nimeula, wa nazi, na nitaula.

Njia ya kwanza ilikuwa kurudia vidonge, dozi ndogo, pengine kwa miaka. Watu hudhani huko ni kushindwa, lakini sivyo. Wapo wanaoishi na kidonge kimoja kwa siku na damu zao zikatulia. Ningeweza kuishia hapo kama si mtoto. Nilikuwa na miaka 35 na nilitaka wa pili. Kabimazoli katika wiki za mwanzo za mimba yaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo hubadilishwa na dawa nyingine, PTU, ambayo nayo kwa nadra huumiza ini. Wanawake wengi wamevuka hivyo salama. Nilijiona tu nikihesabu siku za mwezi kwa hofu, kila mwezi.

Ya pili ni iodini ya mionzi. Hii ilinivutia sana mwanzoni, kwa kuwa ukiisikia ni kama hadithi: kidonge kimoja, unameza, basi. Tezi hupenda iodini, nayo haijui kutofautisha iodini ya kawaida na yenye mionzi. Inaivuta ndani na kujiunguza yenyewe. Inafanyika tangu 1941, Saul Hertz alipompa mgonjwa wa kwanza huko Boston, na rafiki yangu wa Bamburi aliimeza, leo ana afya kuliko mimi. Kwa mwenye nyumba yake ya peke yake na macho mazima ningemshauri aifikirie kwanza.

Lakini hebu njoo nyumbani kwangu. Tuko saba, choo kimoja. Ukishameza unapaswa kulala peke yako, kujitenga na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa na huenda wiki, kutegemea kipimo ulichopewa, kuvuta maji chooni mara mbili, kufua nguo zako mbali. Binti yangu hulala kaniwekea mguu tumboni. Wifi alikuwa mjamzito wa miezi minne. Na tena matibabu yenyewe ningeyafuata Nairobi. Nilikata hesabu ya kurudi kwa treni ya SGR: shilingi 1,500 na zaidi ya saa tano hadi Miritini, viti vitatu vitatu vinavyotazamana, magoti kwa magoti, na watoto wa watu wakipita wakiomba kuangalia ndovu dirishani upande wangu. Nilimwuliza daktari kama ningeweza kukaa pale. Akasema si siku hiyo, ningetafuta chumba Nairobi nikae kwanza. Chumba cha nani? Nilitumia usiku mzima nikimpangia binamu yangu wa Eastleigh jinsi ya kuwahamisha wanawe watatu, kabla sijamwuliza.

Macho ndiyo yaliyoifunga kabisa njia hiyo. Asubuhi niliamka kama niliyelala na mchanga wa ufukweni chini ya kope, na mume wangu alisema silali nikiwa nimefumba vizuri. Iodini ya mionzi yaweza kuyazidisha macho ya namna hii. Zipo dawa za kuyakinga, lakini pia ningetakiwa kungoja miezi sita kabla ya kushika mimba, na kingamwili zenyewe huweza kupanda baada ya mionzi na kukaa juu muda mrefu, nazo hupita kwenye kondo zikamfikia mtoto. Kwa hiyo kidonge cha hadithi kilikuwa cha mwanamke mwingine. (Daktari pia aliuliza nani nyumbani huvuta sigara, kwa sababu moshi huyaharibu macho ya wenye Graves. Mume wangu alitazama dari. Sasa huvutia barazani, na si kila siku.)

Ikabaki kisu. Kisu niliogopa kama mtu yeyote. Karibu na tezi hupita neva za sauti, na nyuma yake kuna vitezi vinne vidogo mfano wa punje za mchele vinavyosimamia kalsiamu ya damu. Mpasuaji akivigusa vibaya unaweza kubaki na sauti ya kukwaruza, au kumeza kalsiamu maisha. Daktari wangu alinipa swali moja la kumwuliza mpasuaji, "Kwa mwaka hutoa tezi ngapi?" Wa kwanza niliyemwuliza alicheka akasema, "Mama, wewe niamini tu." Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili hakukasirika wala hakucheka. Alifungua daftari, akahesabu, akaniambia idadi, kisha akaniambia pia ni wangapi kati yao sauti iliwasumbua. Huyo ndiye niliyempa shingo yangu.

Kabla ya siku yenyewe nilirudishwa kwenye kabimazoli mpaka damu itulie, maana kumpasua mtu ambaye tezi yake inawaka ni kualika dhoruba ya homoni. Siku kumi za mwisho nikapewa maji ya Lugol, matone kwenye juisi ya ukwaju, yana ladha ya kulamba msumari. Nilipomwuliza ni nini, akasema iodini. Nilimpigia simu wifi papo hapo. Kumbe iodini kwa wingi na kwa siku chache huibana tezi na kupunguza damu yake, ili mpasuaji apate njia safi. Wifi amelisimulia hilo hadi leo kama ushindi wa mwani, na nimeacha kubishana.

Nilichokuwa nikikipima usiku, kusema kweli, hakikuwa kisu. Kilikuwa shangazi. Ukitolewa tezi yote unakuwa yeye: mtu asiye na homoni yake, anayeila kutoka kwenye kopo. Theodor Kocher wa Bern, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi ya tezi hii, aliona kwa hofu wagonjwa wake aliowatoa tezi nzima wakipoa, wakivimba, wakipumbaa, kwa sababu wakati ule hakukuwa na cha kuwarudishia. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimdunga mwanamke mmoja maji ya tezi ya kondoo, naye akaishi miaka 28 zaidi. Leo ni kidonge cha levothairoksini. Kwa hiyo nilimchunguza shangazi kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuhamia.

Nikagundua anaishi vibaya ndani yake. Mwaka mzima TSH yake ilikataa kushuka, daktari akipandisha dozi. Asubuhi moja nililala kwake nikaona: anatoa kidonge kutoka kopo lililokaa dirishani juani, anakiweka ulimini, anakisukuma kwa chai ya maziwa na mahamri mawili. Dawa hii haipatani na chakula, na maziwa huizuia kuingia damuni, vivyo hivyo vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma, ambavyo vinahitaji saa nne mbali nayo. Tukahamisha kopo hadi kwenye kabati la nguo, penye giza na ubaridi kidogo. Tukaifunga dawa kwenye adhana ya alfajiri: unaamka, maji matupu, unaswali, unakaa, chai baada ya saa. Wiki nane baadaye TSH yake ilikuwa 3. Akalivua sweta. Nilimwona akipanda ngazi bila kupumzika kwenye kona, nikajua ninaweza kuhamia.

Nilipasuliwa Septemba 2024. Wiki mbili nilizungumza kama mwanamume mwenye mafua, kisha sauti ikarudi. Usiku wa pili midomo iliniwasha kama iliyoguswa na pilipili, na ncha za vidole zikafa ganzi. Kalsiamu imeshuka, wakaniongezea, wiki ya tano nikaiacha. Kovu limekaa kwenye mkunjo wa shingo, chini ya mtandio, lilipokaa rovu. Levothairoksini yangu ni maikrogramu 100. Novemba nilipaka piko biarusi wa Makadara, mikono na miguu, bila propranololi, nikainuka mkekani mwenyewe.

Ilipokaribia Ramadhani mwaka huu, daktari alinipa chaguo: kidonge wakati wa kulala, saa tatu baada ya kula, au niamke nusu saa kabla ya daku. Sisi baada ya tarawehe hatuachi kutafuna, kwa hiyo nikachagua daku. Shangazi alichagua kulala, na hutafuna chake mapema.

Jumapili iliyopita, kumi la mwisho, nilikuwa kwake Kibokoni. Tangambili tena. Binti yangu alikuwa ameizungusha swichi hadi tano na kujilaza sakafuni miguu juu ukutani. Nikamwambia, "Mama, punguza, kunazizima."

Shangazi aliyekuwa akichambua choroko aliinua kichwa. "Umesema nini?"

"Nimesema apunguze kidogo."

Aliweka ungo chini. "Kidonge chako wakinywaje, daku?"

"Kwa maji."

"Halafu?"

"Halafu... daku."

"Baada ya dakika ngapi?"

Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyonyamaza. Saa ya simu hulia, naizima, naamshwa na mavyaa adhana imekaribia, kidonge na maji, na hapo hapo kikombe cha chai ya maziwa ili nisishikwe na kiu. Siku ishirini na kitu.

Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Aliinuka kwa magoti yake ya miaka 61, akaenda kwenye swichi, akairudisha mpaka moja, kisha akafungua kabati. "Kesho nenda kapime," akasema, akitafuta kitu nyuma ya nguo.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya maabara, nimevaa sweta lake.